Ngamia Huyu Si Wangu

Mhubiri akitangaza kwamba leo tunasoma Marko sura ya 10, ile habari ya mtu mwenye mali nyingi, mimi huegemea benchi vizuri na kutulia. Nasikiliza kama mtu wa Dar es Salaam anayesikiliza utabiri wa theluji ya Moscow: inasikitisha, poleni wahusika. Mtu ambaye mshahara wake ukiingia leo, keshokutwa kilichobaki ni ujumbe wa benki tu, habari za ngamia na tundu la sindano zitamhusu nini?

Na siko peke yangu. Likitajwa neno tajiri, usharika mzima unatupa macho benchi la pili kushoto, anapokaa mzee mmoja mwenye malori. Shingo hatugeuzi, tuna adabu zetu. Ni macho tu. Naye mwenye malori ametulia vilevile, pengine anamfikiria mwenye mabasi. Mwenye mabasi, huko anakosali, anamfikiria mwenye kiwanda, na mwenye kiwanda anawafikiria Wamarekani. Tunapokezana ngamia hivyo hivyo mpaka anavuka bahari, na hakuna hata mmoja aliyekubali kubaki na kamba mkononi.

Hapo bado sijakasirika. Kinachonikasirisha ni mhubiri mwenyewe. Anasoma kifungu kwa sauti ya radi, watoto wanashtuka, halafu macho yake yanaangukia benchi la pili kushoto na anakumbuka kwamba jengo letu halijaezekwa. Sauti inashuka. Anakohoa kidogo. "Ndugu zangu, wataalamu wanatuambia kwamba pale Yerusalemu palikuwa na lango dogo lililoitwa Tundu la Sindano. Ngamia akifika jioni, anashushwa mizigo, anapiga magoti, anapita taratibu." Usharika unashusha pumzi. Mwenye malori anafungua chupa yake ya maji na kunywa.

Mimi nisiyekuwa na hata bajaji ndiye ninayebaki nimenuna. Lango hilo halikuwepo! Hakuna aliyewahi kulichimbua, hakuna mwandishi wa siku za Yesu aliyelitaja, na hadithi yenyewe tunakutana nayo katika maelezo ya watu wa Zama za Kati, karne nyingi baadaye. Walimu wa Kiyahudi nao, katika Talmudi ya Babeli, wana msemo wa tembo kupita katika tundu la sindano, na sijasikia mtu akituambia habari za lango la tembo. Ilikuwa ni namna ya kusema jambo haliwezekani, basi. Isitoshe, wanafunzi walipoisikia kauli ile walipigwa na butwaa, wakaulizana ni nani basi atakayeokoka. Mtu hapigwi na butwaa kwa kusikia ngamia anapiga magoti. Ngamia kazi yake ni kupiga magoti.

Tena wa kutulainishia jambo hili hawakuanza na lango. Klementi wa Aleksandria, mwalimu wa kanisa aliyeandika miaka ya mwishoni mwa karne ya 2 na mwanzoni mwa karne ya 3, alitunga kitabu kizima juu ya swali la tajiri gani ataokoka. Jibu lake, kwa kifupi, ni kwamba cha kutupa ni tamaa iliyo moyoni, si sanduku la fedha lililo chumbani. Aleksandria ulikuwa mji wa bandari, wenye meli na maghala walikuwa wanakuja kanisani, na bila shaka walimsikiliza kwa makini sana. Simwiti mwongo, ana hoja zake, na mtu anaweza kugawa kila kitu akabaki na kiburi chake kizima. Nasema tu kwamba haijapita hata miaka 200 tangu Yesu aseme, na tayari tulikuwa tumeshapata njia ya kuchepuka.

Wakati wote huo tunaobishana juu ya ngamia, kuna kitu kidogo kimepita mbele ya macho yetu. Kabla ya kumwambia yule mtu auze vitu vyake, Yesu anamtajia amri: habari za kuua, kuzini, kuiba, kushuhudia uongo, kuwaheshimu wazazi. Hizo tunazijua tangu kipaimara. Lakini katika Marko, na katika Marko peke yake, katikati ya orodha kumechomekwa katazo la kupunja watu. Katika zile 10 za Musa halimo kwa maneno hayo. Mathayo na Luka, wanaposimulia kisa hicho hicho, hawana. Marko analo, na mbele ya Yesu amesimama mtu mwenye mali nyingi, anasema ameyashika yote tangu ujana wake.

Sijawahi kusikia mahubiri juu ya neno hilo. Na nimesikia mahubiri mengi, mengine marefu kiasi cha wali kuungua nyumbani. Mahali tunapoishi kuna duka ambalo kilo yake ya sukari ina uzito wake yenyewe, tofauti na kilo za serikali. Mwenye duka anaimba besi kwaya kuu, na sauti anayo, siwezi kumnyima haki yake. Hajawahi kuguswa na mahubiri ya ngamia kwa sababu kwa kipimo chake si tajiri. Angepigwa na neno la Marko katikati ya mbavu, lakini nani amsomee?

Basi mwaka huu tumefika mahali pabaya zaidi. Kitabu cha masomo ya jumuiya kimeleta mada ya vikwazo binafsi vya imani, kila mtu ataje chake. Ilikuwa zamu ya nyumbani kwetu, Jumamosi saa 12 asubuhi, mama watoto ameshakaanga maandazi, viti vya plastiki tumeazima kwa jirani. Mwenyekiti wetu wa jumuiya ni mwalimu mstaafu, na mwalimu hastaafu. Alitupanga mduara, akafungua daftari, akasema tuanzie kulia, na asirudie mtu jibu la mwenzake.

Wa kwanza, bwana wa benki, akasema kikwazo chake ni muda. Tukaitikia kwa vichwa. Dada aliyefuata akasema simu janja: akifungua Biblia ya kwenye simu, ujumbe unaingia, anausoma, akija kushtuka amefika kwenye harusi ya mtu asiyemjua. Mzee wa nyumba ya kona akailalamikia baa inayopiga muziki hadi usiku wa manane. Kijana wa chuo akasema kikwazo chake ni sayansi. Mwenyekiti akamuuliza sayansi ipi, kijana akafikiri, akasema kwa ujumla. Shemeji yangu, aliyekuja kutusalimia na mama mkwe wake, akaanza, "Kwangu mimi ni mama mkwe," halafu akakumbuka mama mkwe amekaa kwenye kochi anamenya yai, akamalizia, "anayenitia moyo sana. Kikwazo ni uvivu."

Zamu yangu ikafika nikasema uchovu. Ni jibu la mtu mzima, halina maswali ya nyongeza.

Yangekwisha hivyo kwa amani, maandazi yakaliwa, watu wakaenda kwenye shughuli zao. Lakini aliyekuwa wa mwisho ni mama mmoja anayeuza vitumbua kituoni. Aliniamkia, akawaamkia na wengine, akatengeneza khanga yake begani. "Mimi kikwazo changu hela," akasema. "Zikiwepo, Mungu simkumbuki. Zikikosekana, namkumbuka kwa kumlaumu. Kwa hiyo hata sijui nimwombe anipe au asinipe."

Kimya. Mwenyekiti alikuwa amenyanyua kalamu, akabaki nayo hewani. Mama yule Mithali hajawahi kuisoma hadi mwisho, amesema mwenyewe, kwa sababu saa 10 alfajiri watu wengine wakiwa kwenye sala yeye yuko jikoni. Lakini alichokisema ndicho alichokiomba Aguri katika Mithali sura ya 30: asipewe umaskini wala utajiri, na sababu alizotoa ni hizo hizo mbili, kwamba akishiba atamkana Mungu na akikosa ataiba. Kitabu chetu cha masomo kilikuwa na aya tatu za maelezo na michoro. Huyu mama alimaliza mada kabla chai haijapoa.

Nilimkasirikia, sifichi. Maana mwenyekiti aliona jibu limewazidi waliotangulia, akafunga daftari, akalifungua upya ukurasa safi. "Turudie," akasema. "Sasa mseme ukweli."

Bwana wa benki akapokea simu nje. Kijana wa sayansi akasema anatakiwa chuoni, siku ya Jumamosi. Mimi nyumba ni yangu, niende wapi? Nikasema: kihamba.

Kwa asiyejua, kihamba ni shamba la ukoo kwetu Kilimanjaro, migomba na kahawa, na makaburi ya babu humo humo. Kwa mila za Wachaga, kifungua mimba ana sehemu yake, kitinda mimba anabaki na nyumba ya wazazi, na sisi wa katikati tuna sala. Mzee, Mungu amrehemu, alinimegea kipande upande wa mfereji. Mpaka wake ni masale, kama mipaka yote kule. Na masale ya kaka yangu yana miguu: kila masika yanasogea upande wangu. Sasa sale ndilo jani ambalo Mchaga akitaka kuomba msamaha hulibeba kwenda kwa aliyemkosea. Mmea wa mpaka na mmea wa suluhu ni ule ule mmoja. Wazee waliona mbali, walijua kinachoanzia wapi kitamalizikia wapi. Ila hadi leo sijaletewa hata jani moja. Na kila nikisali Baba Yetu, nikifika kwenye kuwasamehe waliotukosea, mimi naondoka kanisani, napanda basi la Moshi, nasimama penye mfereji nahesabu hatua.

Kwa hiyo nina mtu wangu katika Biblia, na si yule tajiri. Ni yule wa Luka sura ya 12, aliyekatiza mafundisho katikati ya umati na kumwomba Yesu amwambie ndugu yake wagawane urithi. Watu wanamcheka. Mimi namwelewa hadi kwenye mifupa. Umati maelfu, mwalimu anafundisha mambo mazito ya mbinguni, na yeye anachosikia kichwani ni mfereji tu. Yesu akakataa kuwa mwamuzi wao, akasimulia habari ya mkulima aliyepata mavuno mengi akapanga kubomoa maghala na kujenga makubwa zaidi, usiku ule ule akafa. Nimeisoma sura hiyo yote nikitafuta jibu la mirathi. Halimo. Hatuambiwi hata kama ndugu yule alikuwa mdhulumaji kweli.

Ila yule mkulima, nikisoma vizuri, hakuiba kwa mtu. Shamba lilizaa. Kosa linaloonekana ni kwamba katika habari nzima anaongea na nafsi yake tu. Mke hatajwi, vibarua waliovuna hawatajwi. Kikao cha mtu mmoja, ajenda moja, kimefungwa bila mengineyo.

Narudi sebuleni kwangu. Nimesema kihamba, nimefungua moyo, nasubiri neno la faraja. Mwenyekiti ameandika kwenye daftari, akaniangalia juu ya miwani: "Kiko sehemu gani?" Nikamtajia. "Barabara inafika?" Nikasema inafika. Mzee wa kona akauliza kama kuna maji. Bwana wa benki, aliyekuwa nje na simu, akarudi ghafla akasema huko bei zimepanda sana siku hizi. Shemeji akasema anamjua mtu anayetafuta. Jumuiya nzima ikachangamka pale pale. Hata kijana wa sayansi hakwenda tena chuoni. Tulizungumza viwanja hadi Kibaha, hadi Chanika, hadi Kigamboni, nani alitapeliwa, nani alinunua mapema. Mama wa vitumbua peke yake ndiye aliyeangalia saa, akasema wateja wanamsubiri, akaaga.

Kisha mhasibu wa jumuiya akasimama akatukumbusha bahasha za ujenzi. Pakazuka kikohozi.

Nisieleweke vibaya. Kutoa sikatai. Ninacholalamikia ni kwamba kanisani hela inatajwa kila wiki, lakini kwa upande mmoja tu: itatokaje mfukoni. Iliingiaje mfukoni, hakuna mwenye haja ya kujua. Sadaka ya kawaida, fungu la kumi, malimbuko, shukrani, jengo, kiti cha mchungaji wa wilaya anayekuja. Kila moja ina bahasha yake na rangi yake. Bahasha ya kurudishia ulichompunja mtu sijawahi kuiona.

Chukua Malaki. Wiki ya matoleo ikifika, lazima tusome Malaki sura ya 3, mstari wa 10, wa zaka kuletwa ghalani na madirisha ya mbinguni kufunguliwa. Hata mtoto wa Shule ya Jumapili anaujua. Sasa fanya jambo moja: panda juu mistari mitano tu. Mstari wa 5, nabii yule yule, pumzi ile ile, anawataja watakaoshtakiwa mbele za Mungu, na baada ya wachawi, wazinzi na waapao kwa uongo anaweka wale wanaomwonea kibarua katika ujira wake, wanaomwonea mjane na yatima, wanaomnyima mgeni haki. Maghala yanakuja baadaye. Nabii alipanga hesabu zake vizuri: kwanza mlipe mliowaajiri, halafu tuongee habari za zaka. Sisi tunaanzia katikati ya risiti.

Na katika benchi zile, ukiuliza wangapi wana dada wa kazi nyumbani, mikono itanyooka mingi. Ukiuliza wangapi mshahara wa dada wa mwezi uliopita umeshatoka, hapo mchungaji ajiandae, maana watu watatoka kwenda kuangalia magari.

Halafu kuna mnada. Ibada ikiisha tunatoka nje, mzee wa kanisa mwenye sauti anasimama juu ya stuli. Kuku, mayai, muwa, mkungu wa ndizi, parachichi. Vitu vimeletwa na wasio na fedha taslimu, na hilo ni jambo zuri, sitaki utani nalo. Lakini angalia kinachofuata. Kuku wa bibi mmoja mjane ananadiwa elfu 15, mwenye malori anataja 50, makofi, anasema arudishwe mnadani. Ananadiwa tena. Mwenye kampuni ya ujenzi 70, makofi na vigelegele, arudishwe. Kuku hajui yuko kwa nani. Mwisho wa yote majina yanayosomwa kwenye matangazo ni ya hao mabwana wawili, na bibi anarudi nyumbani bila kuku na bila kutajwa. Marko sura ya 12 inasema nani alitoa zaidi ya wote, na hakuwa mwenye malori. Tunaisoma pia, tena kwa uchungu, kisha tunatoka nje kumnadi kuku. Na maneno yaliyotangulia hapo hapo, juu ya waandishi wa sheria wanaokula nyumba za wajane huku wakisali sala ndefu, tunayapita haraka haraka.

Siku ya harambee kubwa ndiyo usiseme. Sofa zinatolewa nyumba ya mchungaji, zinatandikwa vitambaa vyeupe vya kufumwa, zinapangwa mbele kwa ajili ya mgeni rasmi na ujumbe wake. Wazee waliojenga msingi kwa mikono yao wanasogezwa kwenye viti vya plastiki, chini ya mwembe. Waraka wa Yakobo, sura ya 2, umeeleza kila kitu isipokuwa vitambaa: mtu mwenye pete ya dhahabu anapewa kiti kizuri, maskini anaambiwa asimame kule au akae chini. Yakobo aliona ni aibu. Sisi tuna kamati ya mapokezi.

Kwa hiyo Novemba 2024 niliposikia habari kutoka Kenya nilikaa chini. Rais William Ruto alisali katika kanisa Katoliki la Soweto, Kahawa West, Nairobi, akatoa shilingi milioni 2.6 za Kenya, kwa ajili ya kwaya na watoto na kwa ujenzi wa nyumba ya padri. Askofu Mkuu Philip Anyolo akatoa tamko kwamba fedha hizo zitarudishwa. Zirudishwe! Nimeishi kanisani maisha yangu yote, sijawahi kusikia fedha zinatembea kuelekea upande huo. Kwetu ingeundwa kwanza kamati ya kuzihesabu, kamati ikalipwa posho, na kilichobaki kingerudishwa kwa maandishi. Wakenya walikuwa wameshampa rais wao jina la Zakayo kwa sababu ya kodi, na mimi siasa za watu siziingilii. Ila Zakayo wa Luka alisimama nyumbani kwake akaahidi nusu ya mali yake kwa maskini, na kama alimtoza mtu kwa hila, atamrudishia mara nne. Sikiliza hesabu hiyo: hakuishia kwenye kutoa, alifika kwenye kurudisha. Na hakuna mnada uliofanyika.

Nisiwaguse wale wa panda mbegu uvune? Niwaguse kidogo. Fundisho hilo Oral Roberts alilihubiri kwa nguvu huko Marekani karne iliyopita, na kwetu limeota likamea. Unatuma kwa namba ya simu, unasubiri muujiza, muujiza ukichelewa tatizo ni imani yako. Kumbukeni 2011: mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, kule Samunge, Loliondo, alinywesha taifa zima kikombe cha dawa kwa shilingi 500, na mwenye nauli ya kufika kule ndiye aliyelia. Bei zimepanda tangu hapo. Na Februari 1, 2020, Moshi, watu 20 walikufa wakikanyagana kwenda kukanyaga mafuta ya upako. Juu ya hilo sina kichekesho. Walikuwa ni watu walioambiwa kwamba shida zao zinaondoka siku hiyo, na walikuwa na haraka.

Wapo waliolichukua neno lilivyo. Antoni wa Misri, karne ya 3, wazazi wamemwachia mashamba yenye rutuba na mdogo wake wa kike, akaingia kanisani akasikia Injili ya mtu yule tajiri, akatoka akawagawia wanakijiji mashamba, akauza vilivyobaki akawapa maskini, akamwekea dada yake akiba kidogo. Kisha akaingia tena kanisani, akasikia habari ya kutosumbukia kesho, akatoa na ile akiba. Ndivyo Athanasi anavyosimulia. Nilipomweleza mama watoto, alisema jambo moja tu: "Yule dada aliulizwa?" Kwetu kingeitishwa kikao cha ukoo kabla Antoni hajafika mlangoni.

John Wesley, mwasisi wa Wamethodisti, ndiye anayeninyima usingizi zaidi, kwa kuwa yeye ana tarakimu. Alisimulia habari ya kijana wa Oxford, na wengi wanaona alijisema mwenyewe, aliyepata pauni 30 kwa mwaka, akaishi kwa 28, akatoa 2. Mwaka wa pili akapata 60, akaishi kwa 28 zile zile. Wa tatu 90, akaishi kwa 28. Wa nne 120, na bado 28. 92 zikaenda kwa maskini. Mimi kila nikiongezwa mshahara, king'amuzi kinaongezwa kifurushi. Kwa kujitetea nasema wakati ule Wesley alikuwa hajaoa, na alipooa 1751 ndoa ilimshinda, na sishangai. Lakini katika mahubiri yake juu ya matumizi ya fedha, yaliyochapishwa 1760, hakuanzia kwenye kutoa. Alianzia kwenye kuchuma, na akaweka masharti: usichume kwa kuharibu afya yako, wala kwa kumwangusha jirani kibiashara, wala kwa kumuuzia kinachomuua. Wauza pombe kali wa Uingereza walisikia maneno siku hiyo ambayo nisingependa kuambiwa mbele ya watoto wangu.

Kumbe inawezekana kuhubiri hivyo. Kumbe mtu anaweza kusimama mimbarani akauliza hela ilipitia wapi kabla ya kufika kwenye bahasha, na kanisa lisianguke.

Mchungaji wangu, najua gazeti hili unalisoma, maana ulinilalamikia kuhusu safu ya mwezi uliopita. Nakuomba, mtumishi, wiki ya matoleo inayokuja fungua Malaki 3, lakini anzia mstari wa 5, usome polepole, utuangalie usoni mmoja mmoja. Usituambie habari za lango. Mwenye malori atakasirika, mwenye duka atahamia kwaya nyingine, na mimi nitakuwa na la kumwambia kaka yangu Desemba tukikutana mgombani. Bahasha yangu ya ujenzi nitaileta tukishamlipa dada wa nyumbani.